Aliyesubiri na Aliyechelewa

Mhariri, swali lenu la wiki, "Je, inafaa kuanza mfululizo mrefu wa riwaya za fantasia miaka mingi baada ya wenzako kuumaliza?", limenigusa, maana nimechoka kuambiwa kwamba sisi wachelewaji tumekuta karamu imekwisha. The Wheel of Time ya Robert Jordan, juzuu 14, niliianza baada ya ile ya mwisho ya 2013 kutoka. Sikukosa kitu. Aliyeteseka ni mjomba.

Mjomba alivinunua kimoja kimoja kwa wauza vitabu vya mitumba hapa Mombasa, tangu miaka ya tisini. Ramadhani ya 2007, kumi la kwanza, alikuja kwetu kufuturu. Mama alikuwa ameandaa uji, viazi karai na mahamri. Mjomba akafungua kwa tende moja na maji, kisha akanyamaza.

"Kaka, mbona huli? Waumwa?"

Akatoa mfukoni mwa kanzu karatasi aliyoichapisha saiba, imekunjwa mara nne. "Yule mwandishi amefariki."

"Mwandishi gani?"

"Wa vile vitabu vyangu. Na hadithi hajaimaliza."

Mama akampa pole kama anavyopewa mfiwa, akamsogezea uji. Sisi watoto tulitazamana tu. Jordan alikuwa ametangaza ugonjwa wake mwaka uliotangulia, na kumbe muda wote huo mjomba alikuwa akimwombea dua mtu wa South Carolina ambaye hajapata kumwona. Ile karatasi aliikunja tena vilevile, mara nne, akairudisha mfukoni. Uji ukapoa.

Juzuu ya 11 ilitoka 2005. Ya 12 ilitoka 2009, ikiwa imekamilishwa na Brandon Sanderson, aliyechaguliwa na Harriet McDougal, mjane wa Jordan na mhariri wake, aandike kwa kufuata maandishi aliyoyaacha marehemu. Mimi nilitoka ya 11 nikaingia ya 12 usiku uleule.

Na hapa msimamo wangu unaanza kulegea. Mjomba anasema Mat Cauthon, mmoja wa wahusika wakuu, wa juzuu ya 12 si yule wa Jordan, kwamba utani wake ni wa mtu mwingine. Mimi sikusikia tofauti mpaka aliponifungulia kurasa mbili, moja kando ya nyingine. Yeye aliishi na sauti ile miaka, mimi niliipita mbio. Kwa upande mwingine, juzuu ya 10, ya 2003, ambayo sehemu kubwa yake inarudia siku zilezile za mwisho wa juzuu ya 9, bado inamkasirisha, kwani aliingoja zaidi ya miaka miwili. Mimi ilinipita salama.

Basi, inafaa? Ndiyo, kwa mfululizo uliokwisha, japo weka angalau mwezi kati ya ya 11 na ya 12. Lakini vijana wanaoapa hawagusi mfululizo wa George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, hadi aumalize, wakati juzuu ya tano ilitoka 2011 na ya sita haijaonekana, nawaambia waanze sasa, wangoje pamoja na wenzao. Huenda isije kabisa. Hata hivyo ningeanza, na ningemtafuta mtu wa kuingoja naye, maana peke yako ni kazi ngumu.