Kwa Unayeanza Kuchora Sura za Watu kwa Oda

Wewe unayeanza kupokea oda za kuchora sura za watu bila kupitia chuo cha sanaa, kama nilivyoanza mimi, ningependa ujue mapema kwamba kazi nyingi huharibika kabla penseli haijagusa karatasi, na chanzo chake ni picha uliyokubali kuichora.

Mteja mmoja aliniletea picha ya pasipoti ya marehemu mama yake, iliyofifia na kugongwa muhuri juu ya shavu la kushoto. Kwa huruma niliipokea, nikaikuza kwenye simu hadi macho yakawa mabaka mawili meusi, na yale nisiyoyaona nikayajaza kwa kukisia. Alipokuja kuchukua mchoro aliutazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, "Umechora vizuri, kaka, lakini huyu si mama." Tangu siku hiyo siipokei picha moja tu ya marehemu: huomba nyingine yoyote, hata ya harusini akiwa amesimama nyuma ya watu, na humwomba mteja anieleze macho yalikuwaje alipocheka. Zisipotosha, nakataa oda, na naamini kukataa huko ni kumheshimu marehemu.

Picha inayotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa ikapoteza ubora, hivyo mwombe mteja aitume kama faili. Iliyopigwa kwa simu karibu mno na uso hukuza pua na kudogosha masikio, nayo flashi hufuta vivuli vinavyoonyesha umbo la uso. Afadhali apigwe upya barazani, mwanga ukitoka upande mmoja.

Uwiano utaupata kwa kuchora miraba juu ya picha na mingine kama hiyo kwenye karatasi, kisha unakili mraba kwa mraba, mradi mistari ya kwenye karatasi iwe hafifu, kwa maana ukikandamiza penseli alama haifutiki tena.

Panapohitaji subira zaidi ni kwenye ngozi yetu nyeusi. Wanaoanza hupaka penseli ya 6B, iliyo laini na nyeusi sana, uso mzima, na matokeo yake uso huwa bapa na kung'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Chunguza kwanza mwanga unapoangukia, yaani kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, ncha ya pua na mdomo wa chini, uyaache maeneo hayo, kisha ujenge kivuli tabaka kwa tabaka kuanzia penseli ya HB, ambayo ni ya wastani, hadi 4B iliyo nyeusi zaidi. Weusi wa mwisho, wa mboni na matundu ya pua, utie kwa penseli ya mkaa, ambayo haing'ai. Wapo wateja watakaokuomba uwafanye weupe kuliko walivyo. Mimi huwaeleza kwa adabu kwamba ninachora sura waliyoniletea.

Kuhusu malipo, pokea nusu kabla ya kuanza, na muandikiane ukubwa wa karatasi, idadi ya watu na siku ya kukabidhi. Mwonyeshe mteja mchoro wa mistari kabla ya kutia kivuli, kwa sababu pua iliyokaa vibaya hurekebishwa kwa dakika chache katika hatua hiyo, ilhali baadaye itakulazimu kuanza karatasi mpya.

Fundi fremu naye mwagize aweke ukingo wa kadibodi kati ya mchoro na kioo, hasa kwa sisi wa pwani, kwani karatasi inayogusa kioo hushika unyevu, ikanata na kuota ukungu.