Mbona gunia la mahindi ni kilo 90 na si 100?

SWALI: Habari ya kazi mhariri. Mimi ni mkulima wa mahindi huku Chwele, Bungoma. Kukhu, yaani nyanya yangu, akiona gunia limejaa husema "hizo ni ratili mia mbili" na sisi tunamwachia tu maneno yake ya kale. Sasa juzi kijana wangu ameniuliza mbona gunia ni kilo 90, si 100, nikakosa jibu. Ratili ni nini hasa?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza rudi umwambie kukhu alikuwa sawa, tena sawa kabisa. Ratili ni kipimo cha zamani cha uzito, jina lenyewe limetoka kwa Kiarabu na ndiyo wengine wanaita paundi, ratili moja ni wakia (aunsi) 16 na ukiiweka kwa mizani ya leo inakuja gramu 454 hivi, yaani haifiki nusu kilo. Sasa zidisha mara 200 na huyo kijana wako. Mtapata kilo 90 na gramu kama 700. Enzi ya mkoloni gunia la mahindi lilikuwa la ratili 200, nchi ilipohamia kilo watu hawakubadilisha gunia, walibadilisha hesabu tu, ikakatwa ikabaki 90. Kule Pwani walikuwa pia na frasila, kama ratili 35 hivi, wakipimia karafuu na pembe za ndovu.

Lakini kitu kinaniuma ni gorogoro, maana hiyo si kipimo cha uzito hata kidogo. Ni mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo 2, na kilo 2 zilikuwa za mafuta, si za mahindi, na mahindi mabichi na makavu hayawezi kuwa uzito mmoja hata mkebe ukijaa sawa. Dadangu hapa Nakuru aliuziwa maharagwe na mama mmoja kwa gorogoro iliyogongwa kitako kikaingia ndani, ukiangalia kwa juu imejaa hadi ina kilele, ukiigeuza unaona shimo linatosha ngumi. Na broka anayekuja kununua shambani anafanya kinyume, kitako kimefura kwa nje. Kwa hivyo ukiuza itisha mizani, na kabla gunia halijaning'inizwa angalia mshale uko kwa sufuri, usione haya, hayo ni mahindi yako umepalilia na jua.

Na ukifika kwa kukhu muulize ulizaliwa na ratili ngapi, wamama wa umri wake wengi wanakumbuka. Akisema 7 ujue ulikuwa kilo 3 na gramu 200 hivi.