Fundo la mshipi: lini uliamini, lini ulikate

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanazunguka jambo moja: fundo likishafungwa kwenye ndoana, linaaminika hadi lini? Nimechagua matano.

*Nilifunga ndoana wiki mbili zilizopita, sikwenda kuvua. Nizitumie hivyo hivyo au nifunge upya?*

Kama zilikaa mahali pakavu penye kivuli, fundo lenyewe halijaharibika kwa kukaa tu. Kinachosumbua ni ugumu wa nailoni. Mshipi mnene hupenda kurudia umbo lake, na mizunguko ambayo haikukazwa hadi mwisho huanza kufunguka kidogo kidogo. Lowesha fundo, shika ndoana kwa koleo, uvute taratibu kwa nguvu isiyoruka. Mizunguko ikibaki imelala vizuri na mkia, yaani ncha fupi inayobaki nje ya fundo, usifupike, tumia. Ukiona chochote kimesogea, kata. Lakini ndoana zilizoachwa juani ni habari nyingine, kwa sababu mwanga wa jua hula nailoni yenyewe. Hapo usilaumu fundo, badilisha kipande chote.

*Navua tangu alfajiri kwa fundo lile lile na halijakatika. Kwa nini nilibadilishe?*

Kwa sababu halikatiki siku unayolitazama, hukatika siku ya samaki mkubwa. Umri wa fundo hauhesabiwi kwa saa, bali kwa yale lililopitia. Kila samaki anapovuta, mizunguko hukazana zaidi na kubanana, na mshipi hukatwa na mshipi mwenzake ndani kwa ndani, mahali jicho halifiki. Anayerusha chambo bandia kutwa nzima analitesa fundo hata asipopata kitu, maana kila mrusho ni mshtuko unaoangukia palepale kwenye tundu la ndoana.

Halafu kuna ile sehemu iliyo juu ya fundo, ambayo wengi huisahau. Ndiyo inayosuguliwa na meno, mawe na matumbawe. Ipitishe polepole kati ya vidole, kuanzia kwenye ndoana hadi karibu mita moja. Ukihisi mkwaruzo, au ukiona nailoni imekuwa nyeupe kama ukungu au imejikunja, kata juu ya jeraha ndipo ufunge.

Mimi hufunga upya kila ninapoanza siku, kila baada ya samaki aliyepigana kweli, na kila ndoana inaponasa kwenye mwamba nikalazimika kuvuta kwa nguvu. Katika hili la mwamba sina mjadala, hata fundo likionekana zima. Ni kazi ya dakika moja. Samaki anayekata mshipi huondoka na ndoana mdomoni, pengine akiburura nailoni nyuma yake, na hilo linaniuma kuliko kumkosa.

*Mshipi wa kusuka unasifiwa kuwa na nguvu sana. Mbona fundo langu huachia bila kukatika?*

Limeteleza. Nyuzi zake ni za polithilini, hazinywi maji na ni laini mno, kwa hiyo fundo lililoshika vyema kwenye nailoni huweza kuchomoka hapa. Tumia fundo liitwalo Palomar, linalofungwa kwa mshipi uliokunjwa mara mbili, au ongeza mizunguko kwenye fundo ulilozoea. Dalili ya kuchoka ni mkia unaofupika na nyuzi zinazotoa manyoya. Ukiwa umeunganisha mshipi wa kusuka na kipande cha nailoni mbele, angalia kiungo hicho mara nyingi zaidi, kwa kuwa kila mrusho hukigonga kwenye pete za fimbo.

Mnaoniuliza kama gundi ya papo hapo itarefusha maisha ya fundo: hapana. Hukauka ikawa ngumu na kupasuka, na haiponyi fundo lililofungwa vibaya.

*Je, maji ya chumvi huozesha fundo?*

Haliozi. Nailoni hunywa maji na kupoteza sehemu ya nguvu zake ikiwa imelowa, lakini hayo hutokea hata mtoni. Madhara ya bahari hupitia kwenye ndoana: kutu ikianza ndani ya tundu, inakuwa na makali na kuukata mshipi kila unapovutwa. Suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila unaporudi. Ndoana yenye kutu tunduni usiifungie fundo jipya, itupe.

*Fundo jipya kabisa, samaki wa kwanza tu, likakatika. Lilizeeka lini?*

Huenda lilikufa ulipolikaza. Ukivuta mshipi mkavu kwa haraka, msuguano huzaa joto, na joto hilo hudhoofisha nailoni palepale. Florokaboni, aina nyingine ya mshipi wa plastiki, huumia zaidi. Lowesha kwa mate au maji, kaza polepole, hakikisha mizunguko haijapandana. Chunguza pia kama hapakuwa na kifundo kidogo kilichojifunga chenyewe katikati ya mshipi, kama vile vinavyoletwa na upepo. Kimoja tu chaweza kupunguza nguvu ya nailoni hadi karibu nusu. Usijaribu kukifungua kwa kucha, kata. Na unapopunguza mkia wa fundo lako jipya, bakiza milimita 2 au 3 kwa nailoni, na zaidi kidogo kwa mshipi wa kusuka, ili ukitazama tena baadaye uweze kujua kama fundo limeteleza.