Usimcheke Tajiri Aliyefilisika, Aliyekaa Kando Yako Anasikia

Jumanne iliyopita nilikuwa kwa kinyozi hapa mjini Nakuru, shuka shingoni, macho yamefumba. Habari ilikuwa imezagaa tangu asubuhi: mfanyabiashara mmoja, mtu wa majumba na malori, amejitoa uhai baada ya madeni kumlemea. Simtaji, familia yake bado iko matangani. Nataka kuandika juu ya yale niliyosikia nikiwa kwenye kile kiti.

"Mtu wa Prado anajiua? Mimi nadaiwa kodi ya miezi mitatu na leo nimeamka nikanywa chai." Wakacheka. "Hizo pesa hazikuwa za bure. Ukila vya shetani, siku moja atakuja kudai." Mwingine akamwita mwoga, eti amewaachia watoto mzigo. Mzee aliyekuwa akisoma gazeti akasema bila kuinua kichwa, "Si angeuza tu lile jumba la Milimani." Kinyozi mwenyewe, kijana mwenye adabu zake, akamalizia: "Matajiri hawajazoea shida. Wakionja kidogo tu, wamekwisha."

Sikusema neno. Nililipa nikatoka, na hadi sasa najilaumu kwa ule ukimya.

Usiku huo ukaingia ujumbe kutoka kwa msomaji wa huko Bahati. "Kaka, kila mtu anamcheka huyu marehemu. Mimi nina la kwangu ambalo mke wangu hajui. Wewe ulitokaje?" Nilimpigia simu papo hapo. Tuliongea mpaka saa saba za usiku, na amenipa ruhusa niandike. Niliyomwambia ni haya, ila kwa simu niliyafupisha.

Mimi nilianza kama makanga mwaka 2003, kabla ya sheria za waziri wa uchukuzi, Michuki, kutuvalisha sare na kuwafunga abiria mikanda. Nilining'inia mlangoni, nikawa dereva, nikaweka akiba kwenye chama, nikanunua gari langu la kwanza likiwa limeshatumika miaka minane. Kufikia 2019 nilikuwa na matatu saba za abiria 14, zote za Nakuru–Eldoret. Pale steji hakuna aliyeniita kwa jina langu. Niliitwa Tajiri. "Tajiri, hesabu hii hapa." "Tajiri, gari namba tatu inataka klachi." Ukiitwa hivyo kwa miaka sita unaanza kudhani ndilo jina ulilopewa na mama yako.

Nawe unayesoma hapa nakujua. Unataka nyumba za kupangisha, unataka gari la pili kabla la kwanza halijachakaa, unataka watoto wasome pale usipoweza kusoma wewe. Nilitaka hayohayo, na nikayapata kwa jasho langu. Sioni haya kusema hivyo.

Magari matatu ya mwisho niliyachukua kwa mkopo, na dhamana ikawa nyumba yetu ya Kiamunyi. Mama Njeri alitia sahihi, kwa kuwa sheria haikubali nyumba ya familia iwekwe rehani bila idhini ya mwenzio. Alisoma kila ukurasa, akaniuliza swali moja tu: "Baba Njeri, biashara ikilala?" Nikamwambia watu hawawezi kuacha kusafiri.

Mwezi Machi 2020 korona ikaingia, tukaamriwa kubeba abiria 8 badala ya 14. Riba ilikuwa ileile. Nikaanza kukopa ili nilipe nilichokopa, na hapo ndipo mtu hupotea. Kisha tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta akazifunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru. Mtu wa ndani ya eneo hilo hakuruhusiwa kutoka, wa nje hakuruhusiwa kuingia. Eldoret iko nje. Magari yangu yalilala zaidi ya mwezi mzima, na njia zilipofunguliwa tarehe 1 Mei nilikuwa nimeshachelewa. Mambo ya barua na simu za mawakili nayaruka, kila aliyedaiwa anayajua. Mwezi Juni magari manne yalichukuliwa kwa siku moja. Yaliyobaki niliyauza kwa bei ya kutupa.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Sikumwambia mtu.

Kila siku niliamka saa kumi na nusu alfajiri kama kawaida, nikapiga pasi shati, nikamuaga mke wangu, nikatoka. Nilikwenda Nyayo Gardens. Nilikaa pale na gazeti la jana mpaka jioni, kisha nikarudi nyumbani na uchovu wa kujifanya. Ikiwa lazima nipite steji, vijana waliniita Tajiri kama zamani. Sijui walikuwa wamezoea au wananicheka. Kila waliponiita hivyo nilihisi kama nimechapwa mbele ya watu.

Ni katika siku hizo nilisoma kwenye simu habari za Adolf Merckle. Alikuwa Mjerumani, mwenye kampuni za dawa na saruji zilizoajiri watu wapatao laki moja. Mwaka 2008 jarida la Forbes lilimkadiria kuwa na dola bilioni 9.2. Alicheza kamari kwenye soko la hisa kwamba hisa za Volkswagen zitashuka. Oktoba mwaka huo Porsche ikatangaza kwamba imekamata sehemu kubwa ya Volkswagen, hisa zikapaa hadi zaidi ya yuro 1,000, naye akapata hasara ya mamia ya mamilioni. Benki zikamkaba. Alijiua Januari 2009, akiwa na miaka 74. Bado alikuwa na mali ambayo mimi na wewe tukiungana na ukoo mzima hatutaifikia. Familia yake ilieleza kwamba kilichomvunja, pamoja na ile misukosuko, ni kutoweza tena kufanya lolote.

Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi pale kwenye benchi. Si njaa iliyomvunja yule mzee. Na mimi haikuwa njaa. Nyumbani kulikuwa na unga, mama yangu alinilea kwa kuuza sukuma wiki sokoni, najua kuishi bila kitu. Ambacho sikukijua ni kuishi nikiwa si Tajiri. Kwa hiyo mtu akisema "si angeuza jumba", naona hajaelewa anachokizungumzia. Jumba linauzika. Lakini siku ya kuliuza lazima mji wote ujue, na hilo ndilo lililokuwa limemshinda kulibeba.

Nilifika mahali pa kuamini kwamba watu wangu wangekuwa na nafuu nisipokuwepo. Sitaandika nilikuwa nimepanga nini. Ninaandika kwamba wazo lile ni uongo mtupu, na linaingia akilini likiwa limevaa nguo za busara, kama hesabu ya mtu anayeijali familia yake. Deni halifi na mwenye deni. Linakwenda kwenye mali aliyoacha, na mjane anakabiliana na madalali huku akilia.

Kulikuwa na kijana mng'arisha viatu pale bustanini. Kila asubuhi nilimpa shilingi 30, kwa kuwa mtu mwenye viatu vinavyong'aa haulizwi maswali. Siku moja ya Agosti akakishika kiatu changu cha kulia, akakigeuza, akatazama soli. Akachukua kitambaa bila kuchovya rangi. Akasema polepole, bila kunitazama usoni, "Mzee, hivi viatu havijaenda popote tangu jana. Na jana havikuwa vimeenda popote tangu juzi." Akakirudisha mguuni mwangu, akafunga kamba mwenyewe. Akakataa zile 30. "Nyumbani wanajua?"

Nililia mbele yake. Mwanamume wa miaka 41, mchana kweupe, watu wanapita kwenda benki. Yule kijana alisogeza kiti chake kidogo akanikinga na njia, akaendelea kupiga brashi kiatu kilichokwisha kung'aa.

Jioni hiyo nikamwambia mke wangu. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi, nikatoa mawili tu: "Magari hakuna." Akainuka, akaleta Biblia yake, akaifungua katikati. Ndani kulikuwa na notisi ya kuuza nyumba. Notisi ya siku 40 ikitumwa, mwenzio aliyetia sahihi hupelekewa nakala, na yeye alikuwa ameipokea wiki tatu kabla. "Nilikuwa nangoja uniambie," akasema. "Kila asubuhi nilikuwa nakuombea urudi." Wiki tatu, watu wawili kitanda kimoja, kila mmoja amelalia siri ileile.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Bahati, na nyote mlio kwenye hali hiyo, ushauri wangu wa kwanza ni huu: mwambie mtu mmoja. Leo. Si lazima awe mke, kama hilo ni zito anza na mwingine, hata mng'arisha viatu. Wa pili ni kwamba muda upo kuliko unavyodhani. Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka upewe notisi ya siku 90, kisha ya siku 40 ya nia ya kuuza, na baada ya hapo kanuni za madalali zinamtaka dalali naye atoe siku 45. Usizitumie siku hizo kujificha kama nilivyofanya. Sisi tulikwenda kwa mkopeshaji wawili, tukaomba tuuze nyumba wenyewe kabla ya mnada. Wakakubali. Tuliiuza Novemba, deni likaisha sehemu kubwa, lililobaki likagawanywa kwa miezi. Mdaiwa pia anaweza kwenda kortini kutafuta mapatano na wanaomdai chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kwa hiyo zungumza na wakili kabla hujakata tamaa. Na wa tatu, narudia wa kwanza: mwambie mtu.

Tulihamia nyumba ya kupanga Free Area, vyumba viwili. Leo nina duka la matairi na gari moja. Mwezi uliopita nimepata cheti cha CRB, wale wanaoweka kumbukumbu za mikopo, kinachoonyesha sina deni lililonishinda kulipa. Nimekiweka kwenye fremu sebuleni, mahali palipokuwa na picha ya harusi, na mke wangu hakupinga.

Sijasahau lakini walionitenga. Chama nilichokianzisha mimi kiliniondoa kwenye kundi la WhatsApp usiku, bila salamu. Rafiki niliyemsimamia arusi alivuka barabara aliponiona. Shemeji yangu alisema mbele ya watoto wangu kwamba alijua tangu mwanzo. Nimewasamehe kwa mdomo, moyo bado unanisumbua, na nadhani nina haki ya kuusema ukweli huo.

Kwa sababu hiyo sikubali mnavyozungumza juu ya marehemu huyu. Unayemwita mwoga, unajua alivumilia asubuhi ngapi kabla ya ile ya mwisho? Unayesema ni pesa za shetani, ulitaka akupe na hakukupa? Yeye hakusikii tena. Anayekusikia ni yule wa kiti cha tatu pale kinyozini, shati limepigwa pasi, simu imezimwa kwa kuogopa wanaomdai. Amesikia mji utasema nini juu yake, na amejifunza kunyamaza zaidi.

Ninyi wahubiri mnaokataa kuwazika watu kama hawa, someni upya. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu 2283, inasema tusikate tamaa juu ya wokovu wa waliojitoa uhai, na kwamba Kanisa linawaombea. Serikali nayo ilichelewa. Mwaka ule wa 2021, kama ningejaribu nikanusurika, polisi wangenisubiri kitandani hospitalini, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa ambalo lingeweza kukupeleka jela hadi miaka miwili. Ni Januari 2025 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sasa unaweza kwenda PGH, hospitali yetu kuu hapa Nakuru, ukasema ukweli wote kwa daktari bila kuogopa pingu. Ukishindwa kutoka nyumbani, piga 1199, ni Msalaba Mwekundu na haikugharimu kitu, au Befrienders Kenya, 0722 178 177. Na ukiwa na mtu anayesema mambo haya, usimwache peke yake usiku huo. Kaa naye, hata kama hujui la kusema.

Kijana yule wa Nyayo Gardens bado yuko palepale. Napita kwake kila Ijumaa, naye kabla ya kushika brashi hugeuza kiatu kwanza akatazama soli.

Msomaji wangu wa Bahati alimwambia mke wake Alhamisi usiku. Kesho, Jumatatu saa tatu asubuhi, wana miadi na meneja wa mikopo, wote wawili. Ameniomba nisiingie ofisini, nami nimekubali. Nitakuwa nimeegesha gari upande wa pili wa barabara, simu imewaka.