Usimwache mwenzako wa biashara kwa sababu ya ukimya wake

Dada yangu wa Majengo, umesema mwenzako wa biashara ya zabibu haongei na wateja, anahesabu kreti mara tatu, umechoka na unataka mgawane mtaji. Naomba usubiri kidogo.

Watu hugawanywa katika aina nne za tabia. Kwa ulivyojieleza, wewe ni sangwini: mchangamfu, mteja akipita tu ameshakuwa rafiki. Lakini watu wa aina yako huahidi haraka na kusahau haraka. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ulikopesha watu bila kuandika popote! Mwenzako anafanana na melankoli. Hao ni makini, wana kumbukumbu, ila wakisemwa mbele za watu huumia muda mrefu. Na zabibu huoza upesi; anayekagua kichala kimoja kimoja kabla mzigo haujapakiwa kwenda Dar anakuokolea pesa.

Wapo pia koleriki, wapenda kuongoza, na flegmatiki, watulivu wasiopenda ugomvi. Mgawanyo huu ni wa kale, wa matabibu wa Ugiriki waliodhani tabia hutokana na majimaji ya mwilini, jambo ambalo sayansi ya leo hailikubali. Kwa hiyo utumie kumwelewa mtu, usimfunge nao.

Msimu wa Agosti ukianza, wewe simama mezani na wateja, daftari la mauzo na madeni ashike yeye. Ukiwa na lawama, mwite pembeni jioni mkishafunga, mweleze taratibu, kisha mpe hadi kesho yake. Mtu kama huyo hujibu akishalala nalo.