Maswali na Majibu: Jumba la Jiji la Hamburg

*Nina saa moja tu ya bure Hamburg. Itanitosha kuliona jumba la jiji, Rathaus?*

Itakutosha ukijipanga. Toka stesheni kuu ya treni, fuata barabara ya Mönckebergstraße, na baada ya dakika kumi hivi utaona mnara wa mita 112. Sebule ya chini, yenye manguzo mazito, huingiwa bure. Vyumba vya juu lazima uwe na mwongozaji, na hapo unakata tiketi. Ila piga simu kwanza, maana humo ndimo zilimo serikali na bunge la jimbo. Akija mgeni wa kitaifa, watalii mnabaki nje.

*Mume wangu anabisha kwamba jumba hilo lina miaka mia tano. Nani mkweli?*

Pole kwake. Lilijengwa kati ya 1886 na 1897, ila mafundi walilivalisha sura ya ukale makusudi. Lile la zamani lililipuliwa mwaka 1842 ili kuukatia njia moto uliokuwa ukiuteketeza mji.

*Bibi Salme wa Unguja aliolewa na Mjerumani wa Hamburg. Je, aliwahi kuingia humo?*

Swali tamu hili. Binti huyu wa Sayyid Said alifika Hamburg mwaka 1867, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu ya farasi, naye akabaki na watoto watatu wadogo. Miaka michache baadaye akahama. Hesabu mwenyewe: miaka yote aliyoishi pale, mji ulikuwa hauna jumba lake, la zamani limelipuliwa na jipya halijaanza. Ukitaka kumzuru, nenda makaburi ya Ohlsdorf. Majivu yake yamezikwa huko, katika kaburi la akina Ruete.

*Chumba gani nisikikose?*

Vipo 647, na kimoja kiligunduliwa kwa bahati tu mwaka 1971. Wengi watakusukuma kwenye ukumbi mkubwa wa sherehe. Mimi nakupeleka Chumba cha Yatima, ambako nakshi za mbao kutani zilichongwa na watoto yatima 80. Husimuliwa kwa fahari. Mimi nilikuwa nikiwaza vidole vya wale watoto.

*Na yule mwanamke wa shaba uani, anayekanyaga joka?*

Ni Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki wa kale. Joka ni kipindupindu cha 1892, kilichoua watu zaidi ya 8,600. Mji tajiri kuliko mingi Ulaya ulikuwa bado ukiwanywesha watu wake maji ya mto Elbe yasiyochujwa, ilhali Altona, mji jirani, walikuwa wakichuja yao na wakapona wengi. Simama pale kidogo kabla ya kupiga picha.

*Ni kweli Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada?*

Kweli, tangu 2010.