Jibu: Mashua ya mbao kukaa nchi kavu Sahare, Tanga, masika yote, turubai linatosha?

Kaka, turubai peke yake halitoshi, na ukilibana kila upande utaiharibu mashua. Joto na unyevu vikikosa pa kutokea, mbao zinaanza kuota ukungu. Lifunge juu ya mti uliolazwa katikati, kama paa, kisha acha wazi tezi na omo (nyuma na mbele) upepo upite. Makuti ni bora zaidi ukiyapata.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni maji ya mvua. Maji ya chumvi huihifadhi mbao, ya mvua huiozesha. Toa kizibo cha chini na uinamishe mashua kidogo. Pitisha vidole pale mataruma (mbavu za mashua) yanapokutana na mkuku, ule mti mrefu wa chini: takataka na magamba ya samaki huziba njia, maji yakabaki humo wiki nzima bila wewe kujua.

Mkuku ulale juu ya magogo mazito, usiguse mchanga, maana mchwa wapo. Kabla ya kufunika, kwangua makombe yote yaliyoganda, ioshe, ikauke, ndipo upake sifa (mafuta ya samaki) ndani na nje. Siku za jua kali mwagia maji ya bahari ubavuni jioni, la sivyo mbao hukauka na kalafati, ile pamba ya kuziba kati ya mbao, hulegea.

Mashine usiiache pwani. Izungushe kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi), maliza petroli iliyomo kwenye kabureta, uisimamishe wima ndani ya nyumba.

Ukikaribia kushusha, mwite fundi akague kalafati kwanza, halafu ipakwe shahamu (mafuta ya mnyama) na chokaa chini.